Lugha ya Kueleza Haki Katika Mizani ya Tungo za Lindi

Wahandisi wa mitambo ya elektroniki wametunga lugha, na kwa kuwa wenyewe wameiita lugha, si kosa ikitiwa katika mizani ambayo lugha nyingine hupimiwa. Lugha hiyo haisemwi na mtu yeyote kwa ulimi. Huandikwa ndani ya faili la wimbo, la picha, la filamu au la kitabu, au pembeni mwake, na kazi yake ni kuiambia mashine ni nani aruhusiwaye kufanya nini na kazi ya mwenziwe, na kwa sharti gani. Jina lake la jumla ni lugha ya kueleza haki. Ziko kadhaa za namna hiyo, na mbili zimepata cheo cha kiwango cha kimataifa. Moja imo katika sehemu ya tano ya kiwango kiitwacho MPEG-21, nayo ilitolewa mwaka 2004 pamoja na kamusi yake, ambayo ni sehemu ya sita. Nyingine ni ODRL, yaani Lugha ya Wazi ya Haki za Kidijitali, ambayo Renato Iannella alianza kuitunga huko Australia, na ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliikubali rasmi mwezi wa Februari 2018.

Hii ya pili ndiyo itakayoangaliwa zaidi hapa, kwa sababu yajisifu kwa neno ambalo laingia vizuri masikioni: wazi. Kiwango cha wazi maana yake ni kanuni ambazo kila mtu aweza kuzisoma, na kila fundi aweza kuzitumia bila kumlipa mwenye kuzitunga wala kumwomba ruhusa. Haja ya jambo hilo haikuzuka bure. Mwanzoni mwa karne hii kila mwuza nyimbo alikuwa na kufuli lake na ufunguo wake. Wimbo ulionunuliwa katika duka la Apple haukuchezeka katika chombo cha mshindani wake, na wa mshindani haukuchezeka katika chombo cha Apple. Mnunuzi alikuwa kama mtu aliyenunua kitabu akaambiwa asikisome ila kwa miwani ya mwuzaji. Ndipo Leonardo Chiariglione, mmoja wa waasisi wa jopo la MPEG, alipoanzisha mwaka 2003 mradi wa kutafuta kufuli la pamoja. Na mwaka 2005 kampuni ya Sun Microsystems ikatangaza yake, ikaahidi kufuli ambalo undani wake ungeonwa na kila mtu. Miradi hiyo haikufika mbali. Mwezi wa Februari 2007 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka wa kutaka nyimbo ziuzwe bila kufuli lolote, na katika miaka michache wauzaji wakubwa wa nyimbo wakafanya hivyo. Kufuli likabaki katika filamu na vitabu. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na mwezi wa Julai vitabu vilivyokwisha kununuliwa vikatoweka katika mashine za wasomaji. Fedha zilirudishwa. Alama na maelezo ambayo msomaji alikuwa ameyatia pembeni mwa kurasa yalikwenda na kurasa zenyewe, jambo ambalo mwanachuoni yeyote atalielewa bila kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo yapasa kutenga vitu viwili ambavyo aghalabu huchanganywa. Kiko kufuli, ambalo huzuia. Na iko lugha, ambayo husema tu. Kufuli laweza kubomolewa na lugha ikabaki, na lugha yaweza kuandikwa juu ya faili lisilo na kufuli hata kidogo. Tahakiki hii ni ya lugha. Kufuli litarudi baadaye, kwa maana halikubali kusahauliwa.

Sasa mizani. Lugha ya kueleza haki imepimwa mara nyingi kwa kazi zilizotungwa Ulaya na Marekani, ambako kila wimbo una mtunzi, mchapishaji, mwimbaji na wakili. Ni kazi rahisi kuisifu nguo kwa kumvika aliyeipimia. Yafaa ipimwe kwa mwili mwingine, na pwani ya Lindi yafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu katika miaka michache ya mwanzo wa karne iliyopita ilitoa vitu viwili vinavyotofautiana kama usiku na mchana: utenzi wenye jina la mtunzi wake, na sauti zilizonaswa kwa mashine.

Msafiri atokaye Lindi hufika Mingoyo, na hapo Mnazi Mmoja njia hugawanyika, mkono mmoja ukaenda Mtwara na mwingine ukapanda Masasi. Katika njia-panda kama hiyo, na katika vituo vingi vya mabasi nchini, nyimbo zimekuwa zikiingizwa katika simu na memori kadi kwa malipo madogo, na mwenye kibanda haulizi haki ya mtu wala haulizwi. Serikali haikulala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na kanuni za mwaka 2006 zikaleta stika ya kubandikwa juu ya kanda na santuri halali, ikaitwa Hakigramu. Jina hilo lilikuwa zuri, na mtu wa isimu angependa kumjua aliyelibuni. Lakini stika yataka mahali pa kubandikwa. Nyimbo zilipotoka katika kanda zikaingia katika simu, hapakuwa tena na kitu cha kubandika juu yake, na ndiyo maana leo maneno hayo hayana budi kuandikwa ndani ya faili lenyewe. Swali la kitaalamu la watu wa mbali limekuwa hivyo swali la Mingoyo: faili lile litasema nini, na kwa maneno ya nani?

Utenzi kwanza. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji akisimulia vita vya 1905 hadi 1907. A. Lorenz aliuchapisha Berlin mwaka 1933 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliuchapisha tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley na maelezo ya historia ya Margaret Bates. Tuseme maktaba fulani yataka kuuweka katika wavuti ili kijana aliye Mingoyo ausome katika simu yake, na yataka kueleza haki zake kwa ODRL.

Sarufi ya lugha hiyo ni nyepesi na inasifika. Sentensi yake ina kitu, ina mhusika, ina tendo, na yaweza kuwa na sharti la wakati, la mahali au la kiasi. Sentensi ni za namna tatu tu: ruhusa, katazo na wajibu. Wahusika ni wawili, mpaji wa haki na mpewa. Ugumu huanza hapo hapo, katika nafasi ya mpaji. Mtunzi alikwisha kufa, na wazao wake hawakuulizwa. Aliyegeuza hati kuwa maandishi ya Kirumi amefanya kazi ambayo haikuwako, kwa maana kusoma hati ya Kiarabu iliyoandikwa Kiswahili ni kuamua katika kila mstari. Mfasiri ana haki yake mbali. Whiteley alifariki mwaka 1972. Kwa kipimo cha sheria ya Tanzania, ambacho ni miaka 50 baada ya kifo, haki katika tafsiri yake ilikoma mwisho wa 2022, lakini kwa kipimo cha Uingereza, ambacho ni miaka 70, itadumu hadi mwisho wa 2042. Ukurasa mmoja, basi, ni huru Mingoyo na umefungwa London.

Haki ya kweli ni kusema kwamba ODRL haikushindwa hapa. Yaweza kueleza tabaka zote hizo moja moja. Yaweza kusema kwamba ruhusa hii ni ya mahali fulani na kuanzia tarehe fulani. Na katika namna yake iliyo nyepesi kabisa haimlazimishi mwandishi kumtaja mpaji. Kwa jambo hilo imeishinda mbali lugha ya MPEG-21, ambayo haijui katazo kwa kuwa haina haja nalo: yenyewe hutoa ruhusa tu, na yote yasiyotajwa yamezuiwa. Tofauti hiyo yastahili kukaziwa macho. Katika lugha ya MPEG-21 kunyamaza ni kukataza. Katika ada ya hati za pwani kunyamaza kulikuwa kuruhusu: utenzi ulinakiliwa na kila aliyekuwa na karatasi, wino na mkono mzuri, na hakuna aliyedhani kwamba mtunzi amenyang'anywa kitu, bali jina lake limezidi kwenda. Kama sheria ya kimya ya MPEG-21 ingelikuwa imetawala mkono wa mnakili, maktaba za leo zingelikuwa na hati chache mno za kuhifadhi.

Lakini ugumu mkubwa wa ODRL haumo katika nafasi ya mpaji. Umo katika hali za kitenzi, na wanaisimu ndio walipaswa kuuona kabla ya wahandisi.

Ni ada ya tenzi nyingi kwamba mtunzi hufika mwisho akataja jina lake, mara nyingine na tarehe na hesabu ya beti, kisha akawaomba wasomaji radhi kwa makosa, akawataka wamsahihishe, akawataka wamwombee dua. Wasomaji wengi wa leo huzipita beti hizo kama mtu apitavyo anwani ya bahasha. Zitazamwe tena. Ni tamko la haki. Zataja mwenye kazi, zaeleza kazi ni ipi na urefu wake ni kiasi gani, ili mwenye kunakili asizidishe wala asipunguze, na zaeleza msomaji apewa nini na aombwa nini. Kila jambo ambalo kiwango cha 2018 chataka liandikwe juu ya faili, fundi wa utenzi alikuwa akiliandika ndani ya utenzi wenyewe, kwa mizani na vina, ambavyo ni kinga bora ya upotovu kuliko alama nyingi za mashine.

Sasa, kitenzi atumiacho mtunzi huyo ni kile kinachoishia kwa e: asome, asahihishe, aombe. Kila mwalimu wa sarufi ajua kwamba umbo hilo la Kiswahili hubeba mzigo wa mambo matatu bila kuugawa. “Na asahihishe” ni ruhusa, kwa maana bila yake msomaji mwenye adabu asingethubutu kugusa maneno ya mwenziwe. Ni ombi, kwa maana mtunzi anajinyenyekeza. Na ni wajibu kiasi fulani, kwa maana aonaye kosa akaliacha amemkosea aliyemwamini. Mambo hayo matatu yakaa katika irabu moja, na msikilizaji hana shida nayo.

ODRL yataka yagawanywe. Kusahihisha ama ni ruhusa ya kubadili, ama ni wajibu wa kubadili. Ombi halina mahali. Tena wajibu ulioambatanishwa na ruhusa ni sharti lake: usipotimizwa, ruhusa haipo. Basi mwenye kuandika dua ya mtunzi kama wajibu atakuwa amesema kwamba msomaji asiyeomba dua amesoma isivyo halali, na hakuna mtunzi wa Lindi, Lamu wala Pemba aliyewahi kumaanisha hivyo. Mwenye kuiacha atakuwa amefuta mshahara pekee ambao mtunzi aliudai. Kuna matendo katika msamiati wa ODRL ambayo yakaribia: kutaja jina la mwenye kazi, kulipa, kumwarifu, kupata ridhaa yake. Kuomba bila kulazimisha hakuna. Lugha isiyo na hali ya ombi yaweza kuwa lugha nzuri ya mkataba wa mahakamani, lakini haifai kudai kwamba imeeleza uhusiano wa mtunzi na msomaji popote duniani. Na hapa inafaa kukumbuka kwamba hata katika nchi za Ulaya watunzi waliwaomba wasomaji wao mambo mengi kabla ya kuwa na mawakili wa kudai.

Mtu aweza kujibu kwamba mashine haiwezi kuhakikisha dua, hivyo hakuna faida ya kuiandika. Jibu hilo lachukua tena lugha na kufuli kuwa kitu kimoja. Mashine haiwezi pia kuhakikisha kwamba msomaji ametaja jina la mtunzi katika insha yake, na bado tendo hilo limo katika msamiati.

Kitu cha pili chapindua mambo. Mwaka 1906, moshi wa Maji Maji ukiwa bado haujatulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig aliteremka Lindi, akaingia bara hadi Masasi na uwanda wa juu wa Makonde. Alichukua kamera, mashine ya picha za kwenda, na mashine ya kunasia sauti juu ya mitungi ya nta. Nyimbo alizozinasa, zikiwamo za wapagazi wake Wanyamwezi, zilipelekwa katika hazina ya sauti ya Berlin, na Erich von Hornbostel akaandika juu ya nyimbo hizo za Kinyamwezi mwaka 1909. Hazina hiyo iliingizwa mwaka 1999 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa hiyo baadhi ya sauti kongwe kabisa zilizonaswa katika nchi hii zilipitia bandari ya Lindi, miaka michache tu kabla ya mifupa ya Tendaguru, iliyochimbwa 1909 hadi 1913, kupitia bandari hiyo hiyo kwenda mji huo huo.

Kwa mizani ya hakimiliki jambo hili ni jepesi mno. Weule alifariki mwaka 1926. Muda wa kila haki umekwisha, Ujerumani na Tanzania pia. Mwenye kuandika ODRL kwa uaminifu ataandika ruhusa tupu: kila mtu, kila tendo, kila mahali. Faili laweza kurushwa Mingoyo katika simu ya kila abiria, wala hapana wa kudai kitu. Wapenzi wa uwazi watafurahi, na kwa nyimbo za wapagazi furaha yao ina haki. Ni nyimbo za njiani, ziliimbwa zisikike.

Lakini Weule hakuishia kwa wapagazi. Katika kitabu chake cha 1908 aeleza alivyohudhuria unyago na kupiga picha zake. Mambo ya unyago yana milango yake: ya wasichana si ya wavulana, ya waliochezwa si ya wasiochezwa, na mengine si ya nje ya uwanja kabisa. Kwa sheria, picha kama hizo ni huru kama zile nyimbo za njiani. Kwa ada ya wenyewe si huru hata leo, na muda hauzifungui, kwa kuwa hazikufungwa na muda. Hapa neno “wazi” lageuka. Utenzi wa Jamaliddini, ambao mwenyewe angependa usomwe na kila mtu, sheria imeuzungushia tabaka za tarehe na nchi. Picha ya unyago, ambayo wenyewe wasingependa ionwe na kila mtu, sheria imeiacha barabarani. ODRL ikiandikwa kwa kufuata sheria peke yake itayakariri makosa yote mawili kwa usahihi mkubwa.

Wako walioliona hilo. Jane Anderson na Kim Christen walianzisha mwaka 2010 mradi uitwao Local Contexts, ambao umetunga lebo za maarifa ya jadi. Lebo hizo hazifungi kitu. Husema tu: hii ni ya wanawake, hii ni ya majira fulani, hii ni ya siri, hii yataka jina la jamii litajwe. Hata maktaba kubwa za Ulaya na Marekani, zilipotoa mwaka 2016 matamko 12 ya haki ya kutumiwa pamoja, ziliona kwamba “haki zote zimehifadhiwa” ni maneno machache mno kwa hali nyingi zilizopo. Sheria ya Tanzania ya 1999 nayo haikusahau: ina sehemu ya sanaa za jadi, na mamlaka ya kutoa idhini ya kuzitumia kwa biashara imewekwa mikononi mwa Baraza la Sanaa la Taifa. Ila baraza moja la nchi nzima ni mpaji mmoja tena, naye yuko mbali na uwanja wa unyago. Tatizo la nafasi ya mpaji limehamishwa, halikutatuliwa.

Msomaji wa jarida la Kiswahili hatashangazwa na haya, kwa maana ameyaona karibu na nyumbani. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa, kwa maana halisi ya neno, kamati ya kiwango cha wazi. Tahajia yake ilichapishwa, kila mwandishi aliweza kuifuata, na kitabu kilichoifuata kilipewa ithibati. Faida yake haina haja ya kutetewa: mtoto wa Mingoyo na mtoto wa Kisumu waweza kusoma kitabu kimoja. Lakini kiwango kilichukua Kiunguja kuwa mwili wake, na lahaja nyingine zikapewa nafasi ya vazi. Kimgao cha pwani ya Kilwa hakikukatazwa na mtu. Hakikutajwa tu, na katika kiwango kilichotajwa vizuri, kisichotajwa hufifia chenyewe. Uwazi wa kanuni hauwi kinga ya hilo. Kanuni za wazi kabisa zaweza kuandikwa na watu wachache waliokaa katika chumba kimoja, na wasiokuwamo wakapewa uhuru kamili wa kuzisoma.

Kufuli sasa, kama ilivyoahidiwa. Mwezi wa Septemba 2017 W3C ilipitisha kiwango kingine, kiitwacho EME, cha kuwezesha vivinjari vya wavuti kucheza filamu zilizofungwa. Kiwango chenyewe ni cha wazi. Chasema kivinjari kizungumze vipi na sehemu ile ifunguayo. Sehemu ifunguayo ni mali ya siri ya kampuni, na bila idhini ya kampuni mtu hawezi kuitia katika kivinjari alichokitengeneza. Shirika la Electronic Frontier Foundation lilijitoa katika W3C kwa sababu hiyo. Kwa maneno mengine, kitasa kimewekwa wazi na komeo limebaki la siri, kisha mlango wote ukaitwa wa wazi. Matumizi ya neno namna hiyo yapaswa kukosolewa na watu wa lugha bila kungoja watu wa sheria. Tena kufuli la namna hiyo halijui tarehe ya kifo cha mtunzi wala ya Whiteley. Muda wa haki ukiisha halifunguki. Halimtambui mwalimu darasani, wala halimtambui kipofu anayetaka mashine imsomee kwa sauti, ingawa mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliwekwa kwa ajili yake.

Hatari kwa hazina za Kiswahili i hapa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hati na kanda za sauti ambazo J. W. T. Allen aliziorodhesha katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1970. Ziko hazina nyingine London, Hamburg na Berlin. Kila moja inapotiwa katika mashine, fomu ya kuingizia huwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa “haki”, na mwenye kuijaza hana muda wala msamiati. Huandika jina la taasisi iliyolipia skana. Kuanzia siku hiyo mpaji wa haki za utenzi wa Lindi, katika lugha ambayo mashine zote za dunia zaisoma, ni mwenye skana. Na mashine, tofauti na mnakili wa zamani, hazisahau wala hazina haya ya kurudia kosa.

ODRL imeacha mlango mmoja ambao haujatumiwa ipasavyo. Kanuni zake zaruhusu jamii yoyote kutunga nyongeza ya msamiati, na nyongeza hiyo ikasomeka kwa sarufi ile ile. Haihitaji fedha za kampuni. Yahitaji orodha ya maneno yaliyofafanuliwa vizuri, na hiyo ni kazi ambayo Kamati ya 1930, chuo cha uchunguzi kilichoirithi mwaka 1964 na taasisi ya leo zimeifanya kwa maneno ya fizikia, ya benki na ya bunge. Orodha yenyewe haitakuwa ndefu. Itataka kitenzi cha kunakili kwa mkono wa ada, kilicho tofauti na kutoa nakala za biashara. Kitenzi cha kusoma kwa sauti mbele ya watu, ambacho si “kucheza” wala “kuonyesha”. Kitenzi cha kuongeza mishororo juu ya ubeti wa mwenzio, yaani kutakhmisi, ambacho katika hesabu ya ODRL kingeingizwa chini ya kubadili kazi, na mtakhmisi angekuwa mvunja haki badala ya mwenye kumtukuza mtangulizi wake. Itataka mhusika ambaye si mtu wala shirika, bali ni waliochezwa, au wanawake wa kijiji. Na itataka namna ya nne ya sentensi, ya ombi, ambayo ikipuuzwa haivunji ruhusa lakini hubaki imeandikwa.

La mwisho hilo ndilo gumu, na pengine watunzi wa kiwango watasema kwamba nyongeza ya msamiati haiwezi kuongeza hali ya kitenzi. Huenda wana haki kwa kanuni zilivyo. Basi kanuni hizo zajadiliwa hadharani, mapendekezo hupokelewa kutoka kwa mtu yeyote, na hakuna kinachozuia hoja ya irabu e kupelekwa huko kwa Kiingereza kizuri na mifano kumi ya beti za mwisho za tenzi, ya kwanza ikiwa ya Lindi.